Mzee, Umefunga?

Kwa wewe uliyetumia ukurasa wa wiki iliyopita kufungia maandazi kabla hujausoma, nitakueleza kwa kifupi. Mateso yangu ni marefu na nafasi niliyopewa gazetini ni hii hii.

Naitwa Elinipa. Ni Mmeru wa Poli, nimeolewa na Mwarusha anayeitwa Tajeu, na tumepanga ghorofa ya juu kwa Mzee Hatibu, hapa Ngarenaro. Julai iliyopita, katika baridi ile ya kukata masikio, mtoto wetu Nashipae aliugua kichomi. Alikuwa na miaka miwili na nusu.

Mama mkwe wangu, Nalepo, akashuka kutoka Olkokola. Hakuketi, hakunywa chai. Aliingia bafuni moja kwa moja, akafungua koki ya maji ya moto. Yakatoka ya baridi. Akaifunga, akasubiri, akaifungua tena, labda maji yangemwogopa. Yakatoka ya baridi zaidi.

"Mnamwogesha mtoto kwa haya?"

"Hapana mama, tunachemsha."

Hakunisikia, au alinisikia akaona hilo si jibu. Akambeba mtoto mgongoni kwa shuka, akasimama mlangoni akasema, "Siku maji ya moto yatakapotoka kwenye bomba la nyumba hii, mtaniita. Nitamleta."

Msomaji, naomba uelewe kwamba Olkokola kwa mama mkwe hakuna bomba hata la maji ya baridi ndani ya nyumba. Maji yanatoka kwenye ndoo na kupashwa kwenye sufuria, vilevile kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Tofauti ni kwamba sufuria yake ina baraka na yangu ina kichomi.

Na mume wangu, kichwa cha nyumba, alipomwona mama yake anaondoka na mwanawe, alisema, "Sawa, mama." Hiyo ndiyo hotuba yake ndefu kuliko zote mwaka ule.

Miezi ikapita. Kazi ya saluni ikanitoka, hilo mlilisoma. Nikaunguza pazia la jikoni, na hilo mlilisoma mkacheka. Olkokola nilikwenda mara chache, na kila nikifika mtoto amelala, au yuko kwa jirani, au gari la mwisho linataka kuondoka. Krismasi mama mkwe akaniambia, "Ukija analia wiki nzima. Usije mpaka maji yatoke." Tangu hapo nikabaki na simu. Ukimpa mtoto wa umri ule simu, anapumua tu. Nikawa nalala nikiwa nimesikia pumzi za mwanangu, nashukuru mtandao.

Halafu, mwezi uliopita, Mzee Hatibu akafunga sola ya kuchemshia maji juu ya paa.

Nililia kwa furaha. Nilimpigia mama mkwe siku hiyo hiyo. Bahati mbaya koki yetu ya maji ya moto ilikuwa imezoea maji ya baridi kwa miaka mingi, na ya moto yalipoipitia mara ya kwanza, mpira wake wa ndani ukaachia. Ikawa haifunguki wala haifungi, inadondosha tu. Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimesimama dukani na koki mbili mpya mkononi, moja ya bafu na moja ya sinki, na mama mkwe yuko kwenye simu.

"Nakuja kesho na mtoto," alisema. "Nataka kuyaona hayo maji."

Basi kesho yenyewe ndiyo hii.

*

Nilimwambia Tajeu amwite fundi. Alinitazama kama nimemtukana ukoo.

"Fundi wa nini?"

"Wa koki."

"Koki ni kufungua na kufunga. Hiyo ni kazi ya kumwita mtu?"

Mume wangu ni dereva wa magari ya watalii, na msimu huu wa mvua watalii hakuna, kwa hiyo muda wa kujiamini anao mwingi. Alinionyesha kwenye simu video ya Mzungu anayebadilisha koki kwa dakika tatu huku akitabasamu. Sikuwa na hoja dhidi ya tabasamu lile.

Tatizo lilikuwa moja tu. Koki kubwa ya kuzimia maji ya moto ya nyumba nzima haiko kwetu. Mzee Hatibu, Mrangi wa Kondoa, mtu wa heshima zake na funguo zake, aliamua kwamba bomba la maji ya moto litoke kwenye paa, lipite pembeni ya ukuta hadi uani kwake chini, ndipo lipande tena kuja kwetu. Yaani maji yanashuka kwanza kumwamkia mwenye nyumba, ndipo yanaruhusiwa kutembelea wapangaji. Na hapo uani ameijengea koki ile kisanduku cha bati, na kisanduku kina kufuli.

Asubuhi Tajeu alimwendea.

"Mzee, leo tunabadilisha koki bafuni. Tukiwa tayari tutakuambia ufunge maji ya moto."

"Hamna shida," akasema mzee. "Mtaniita."

Hayo ndiyo makubaliano. Yaandikeni mahali, maana mimi niliyasahau.

Nilishinda nikideki. Nilibadilisha mashuka, nikaficha pazia lililoungua, nikapika wali na maharage ya nazi, chakula ambacho Nashipae alikuwa akikipenda kabla sijapokonywa. Jua nalo liliamua kuwaka siku hiyo kana kwamba si mwezi wa mvua. Nilipotoka kuanika nguo niliona mtungi wa sola unameremeta juu ya paa, nikajisemea, leo maji yatachemka hasa. Niliona ni neema.

Saa tisa simu ikaita.

"Tumefika Sakina," akasema mama mkwe, akakata.

Kutoka Sakina mpaka Ngarenaro hata viazi haviivi. Nikakimbilia bafuni. Tajeu alikuwa amevua shati, amechuchumaa mbele ya ile koki mbovu, spana mkononi, simu imeegemezwa kwenye sabuni, Mzungu anatabasamu.

"Bado tu?"

"Nakusubiri wewe. Muulize mzee kama kafunga."

Dirisha la bafu letu linaangalia uani. Nikachungulia. Mzee Hatibu alikuwa ameketi juu ya mkeka kivulini, kofia kichwani, tasbihi mkononi, macho nusu yamefumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Nashipae."

"Samahani mzee. Umefunga?"

Akafumbua macho. Uso wake ukachangamka kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwa mwenye nyumba akizungumza na mpangaji.

"Nimefunga, mwanangu. Nashukuru kwa kuniuliza."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri."

Nikamgeukia Tajeu. "Amefunga tangu alfajiri."

"Unaona?" akasema Tajeu. "Watu wa zamani hawa. Ukiwaambia kitu wanakifanya kabla hujawaambia."

Ingetosha pale. Lakini mzee alikuwa amepata mtu wa kuzungumza naye, akaendelea.

"Ya tano hii. Imebaki moja."

Sikujua kwamba nyumba ile ina koki sita. Hata hivyo, kwa mtu anayeweka kufuli kwenye bomba, sikuona ajabu. Huenda nyingine amezifukia.

"Hiyo moja haitatusumbua, mzee?"

"Itusumbue vipi? Nitaifunga kesho, Mungu akipenda."

"Basi ukichoka iache tu. Hizo tano zinatosha."

Mzee akashtuka kidogo. "Haiachwi hiyo, mwanangu. Ndiyo inayokamilisha."

"Haya mzee. Fanya unavyoona."

"Na leo jua kali. Lakini nitafungua magharibi."

"Magharibi sisi tutakuwa tumemaliza zamani," nikamwambia. "Asante sana mzee. Mungu akulipe."

"Amina," akasema, kwa moyo kabisa.

Nikafunga dirisha. Nawaapia, nilijiona mwanamke aliyejaliwa mwenye nyumba mwema kuliko wote Arusha.

Tajeu akaishika koki kwa spana. Koki ikaendelea kudondosha, tone, tone, na kila tone lilitoa mvuke.

"Tajeu, mbona bado inadondosha?"

"Ni yaliyobaki kwenye bomba."

"Mbona yana moto hivyo?"

"Sasa maji ya moto yaliyobaki kwenye bomba la maji ya moto ulitaka yawe na barafu?"

Nikanyamaza. Ndiyo ndoa.

Akazungusha. Ikagoma. Akazungusha tena, ikalia, ikazunguka nusu, kisha ikazunguka yenyewe bila kuombwa, ikamponyoka, ikaenda kugonga ukuta wa upande wa pili na kuanguka chooni. Nyuma yake yakaja maji.

Maji gani. Maji yaliyokuwa yamelala kwenye jua tangu asubuhi yakisubiri siku hii. Yalimpata Tajeu kifuani. Mwanamume aliyewahi kuwaambia watalii kwamba haogopi simba aliruka kutoka bafuni kwa mguu mmoja, akipiga mayowe kwa lugha tatu. Mimi yalinipata mkononi, kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole, nikaona nyota saa tisa mchana.

Nikafungua dirisha.

"Mzee, funga!"

"Nimefunga!" akajibu mzee, mshangao umemjaa.

"Hujafunga, mzee! Funga!"

"Mwanangu, si nimekwambia nimefunga?"

"Funga kabisa!"

"Kabisa vipi? Hata mate simezi!"

Sikuelewa mate yameingiaje kwenye mambo ya mabomba, na sikuwa na muda wa kuuliza. Maji yalikuwa yanapiga ukuta, yanarudi, yanatoka mlangoni, yanaingia ukumbini kwa kasi ya mtu anayeijua nyumba. Tajeu alikuwa anajaribu kuziba bomba kwa taulo, anachomeka, anaungua, anaachia, anachomeka tena. Kwenye simu, Mzungu alikuwa amemaliza kazi na sasa anaosha mikono.

Mlangoni nikasikia, "Hodi."

*

Nimewahi kukisikia kipimo changu cha damu kikisomwa kwa sauti mbele ya watu. Nimewahi kufukuzwa kazi mbele ya mteja mwenye dawa kichwani. Hodi ile ilizidi yote.

Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alisimama kizingitini na shuka lake jekundu, mkono mmoja ameshika kidumu cha maziwa kilichozibwa kwa gunzi la mahindi, mkono mwingine begi. Na mbele yake, gauni la maua, shanga shingoni, amerefuka mpaka nikatafuta pumzi, alikuwa Nashipae.

Mtoto alisikia sauti ya baba yake huko ndani ikipaza jina la Mungu. Akafanya wafanyavyo watoto wote wakisikia vurugu, akaikimbilia.

Yale maji yalikuwa yanakuja kumpokea.

Sikumbuki nilivyovuka ukumbi. Najua tu kwamba nilikanyaga maji ya moto kwa ndala, nikateleza, nikampata chini ya makwapa na kumnyanyua juu hatua moja kabla miguu yake haijagusa. Nikambana kifuani. Miezi tisa nilikuwa naota nitakavyomkumbatia, na katika ndoto zile zote nilikuwa nimevaa vizuri na hakuna aliyeungua.

"Yeyo!" akalia.

Yeyo ni mama, kwa Kiarusha. Neno hilo nalijua. Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikamwambia, "Nipo mama, nipo, nipo," nikambusu kichwani.

"Yeyo!" akalia tena, akinisukuma uso kwa viganja vyote viwili, kisha mikono yake ikanivuka. Alikuwa anainyoosha kwa bibi yake.

Mama mkwe akaingia. Aliweka begi juu ya kiti, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akamsimamisha juu ya kochi. Kisha akang'oa lile gunzi kwenye kidumu cha maziwa, akajizungushia pembe ya shuka mkononi, akaingia bafuni.

"Toka," akamwambia mwanawe.

Tajeu akatoka. Mama mkwe akainama pembeni, akalipeleka gunzi kwenye tundu la bomba, akalisukuma, akaiokota spana sakafuni na kuligonga mara mbili. Maji yakakata. Mwanamke ambaye maisha yake yote hajamiliki bomba.

Sasa yalikuwa yanamwagika maziwa tu, yakitapika kutoka kwenye kidumu kilichoanguka, yakienda kujiunga na maji. Hata maziwa ya Olkokola hayakutaka kupitwa.

Mzee Hatibu akatokea mlangoni akihema, funguo mkononi.

"Mke wangu Zuleha ananiambia dari inanyeshea sufuria ya uji," akasema. "Kuna nini huku?"

"Mzee," nikasema, na hapa nakiri sauti yangu haikuwa ya mpangaji, "si ulisema umefunga koki?"

"Koki?" Akatazama funguo zake. "Koki mlisema mtaniita nije nifunge. Mmeniita saa ngapi?"

"Nimekuuliza dirishani. Ukasema umefunga tangu alfajiri."

"Nimefunga saumu, mwanangu. Nafunga zile sita za Shawwal. Leo ni ya tano."

Nikaketi juu ya mkono wa kochi.

Naombeni msinihukumu. Ramadhani ilikuwa imekwisha. Pilau la Idi la Bi Zuleha tulilila sisi wenyewe, sahani nilizirudisha. Mtu akimaliza mwezi mzima, mimi Mlutheri wa Poli nitajuaje kwamba anajiongezea siku sita kwa hiari yake, katika jua lile, na zianguke kwenye siku yangu ya koki?

"Nikaona Mama Nashipae amekuwa mtu mwema," mzee akaendelea, akimgeukia mama mkwe kama shahidi. "Amenijulia hali ya saumu. Ila aliponiambia ya mwisho niiache, nikasema hapana, huyu sasa ni shetani ananijia kwa sauti ya mpangaji."

Tajeu, kifua chekundu kama nyanya, akacheka. Nilimtazama akaacha.

"Shikamoo mzee," mama mkwe akamwambia Mzee Hatibu.

"Marahaba. Karibu sana. Ngoja nikafunge hii ya bomba sasa." Akashuka ngazi akijisemesha.

Mama mkwe akainama. Akachovya kidole kwenye maji yaliyotuama sakafuni, akakitoa haraka.

"Yana moto," akasema.

Hilo hakuna aliyeweza kulipinga. Alitaka maji ya moto yatoke kwenye bomba la nyumba hii, na yametoka. Hakuwahi kusema yaishie wapi.

"Elinipa," akasema. "Kaa."

"Nimekaa, mama."

"Onyesha mkono."

Nikauonyesha. Ulikuwa umewiva kuanzia kiwikoni. Akauchukua, akaukagua, akamwambia Tajeu alete maji ya baridi kwenye beseni, akautumbukiza humo na kuushikilia. Miaka mitano ya kuwa mkwe wake, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunishika mkono muda wote huo.

Nikaanza kujitetea. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza tangu Julai, maneno mazuri, mengine nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikasema sola inafanya kazi, ni koki tu, kesho nitaita fundi wa kweli, na nyumba si hivi siku zote, na pazia lile...

"Nyamaza," akasema, bila ukali. "Sikuja kukagua."

"Ulisema unataka kuyaona maji."

"Nilisema hivyo. Ulitaka niseme nini?" Akatazama begi lililokuwa kitini. "Nguo zake zote zimo humo. Na lile blanketi lake. Nimekuja kumwacha."

Tajeu akasimama na beseni la pili mikononi.

"Wiki ile nilianguka zizini," akasema mama mkwe. "Kizunguzungu. Nililala pale kwenye samadi mpaka jirani alipokuja kukamua. Mtoto alikuwa amekaa pembeni yangu muda wote, ananifukuzia nzi. Alidhani nimelala."

"Mama, mbona hukusema?" Tajeu akauliza.

"Nikuambie wewe ufanye nini? Uniangalizie video?" Akanigeukia. "Huyu mtoto ananiita yeyo. Sikumfundisha, alianza mwenyewe, na mimi nilinyamaza kwa sababu lilinipendeza. Nakuambia ukweli, lilinipendeza. Lakini nimezeeka. Nikifa kesho, atalia kwamba mama yake amekufa, na mama yake yupo Ngarenaro, anabomoa bafu."

Nimezoea kuwachekesha humu ndani. Hapo nililia, na sikulia kwa madaha. Nililia kwa sauti, mkono mmoja ndani ya beseni, kamasi zinanitoka, mbele ya mwanamke niliyemchukia kwa miezi tisa bila kupumzika hata Jumapili. Naye hakuniambia ninyamaze. Alinipa pembe kavu ya shuka lake nikajifuta.

"Haya," akasema. "Nashipae, shuka. Nenda kamsalimie mama."

Mtoto akashuka kwenye kochi. Alikuwa ameacha kulia. Akapita kwenye maji, sasa yamepoa, kwa vidole, taratibu, akaja mpaka mbele yangu, akasimama, akanipa kichwa, ameinama vizuri, ili nimguse. Ndivyo watoto wa Kiarusha wanavyomwamkia mkubwa yeyote. Nikamwekea mkono juu ya kichwa. Nywele zake zilinukia moshi na maziwa. Nikamwambia amekua vizuri, amependeza, nimempikia maharage ya nazi, chumba chake kipo, mwanasesere wake yupo, mama yupo.

Akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Kisha akageuka kwa bibi yake, akasema maneno mawili matatu kwa Kiarusha.

Kiarusha changu, baada ya miaka mitano ya ndoa, kinaishia kwenye salamu na kukataa pombe. Nilidhani anaomba chakula.

"Anasemaje?"

Tajeu akaokota koki mpya kutoka juu ya meza, akaanza kuifungua kwenye karatasi yake.

"Tajeu. Mwanangu anasemaje?"

Tajeu akaendelea kukwangua gundi ya karatasi kwa kucha.

Nikamtazama mama mkwe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa mahali pa kuyaweka macho yake.

"Anauliza," akasema, "tunarudi nyumbani saa ngapi."

Na kwa kuwa mimi ndiye mwenyeji, wote watatu wakanigeukia nijibu.